Kipimo cha mimba: usikiulize mapema, usikisome kwa kuchelewa

Vijiti vingi vya kupimia mimba vinavyolaumiwa mitaani havina kosa lolote. Mwanamke amepima siku nne kabla ya hedhi, kijiti kimesema hakuna kitu, wiki mbili baadaye kichefuchefu kinampeleka zahanati na huko anaambiwa ana mimba. Mwingine amepima alfajiri, ameona mstari mmoja, amekitupa kijiti kwenye ndoo ya taka. Jioni anakichungulia tena na kukuta kivuli cha mstari wa pili, na usiku huo hapati usingizi. Wote wawili watakuambia kwamba vipimo vya dukani ni vya uongo. Wa kwanza aliuliza wakati jibu halijakuwepo. Wa pili alisoma wakati jibu limeshapita. Kijiti chenyewe, kikitumika siku yake na kusomwa dakika zake, kinasema kweli karibu kila mara. Ndiyo maana humu nitazungumza zaidi kuhusu siku na dakika kuliko kuhusu kijiti.

Kinachotafutwa kwenye mkojo ni homoni moja, inayoandikwa hCG kwenye karatasi ya maelezo. Mwili hauimwagi kwa kiasi cha kuonekana mpaka yai lililorutubishwa lijishikize kwenye ukuta wa mji wa mimba. Likishajishikiza, chembe zitakazokuja kuwa kondo la nyuma huanza kuitoa, inaingia kwenye damu, kisha figo huipeleka kwenye mkojo. Kwa hiyo aliyekutana na mwenzake juzi hana cha kupima leo, hata akinunua kipimo cha bei kubwa kuliko vyote dukani.

Sasa hesabu zenyewe. Yai hupevuka takribani siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Likikutana na mbegu ya kiume husafiri ndani ya mrija kwa siku kadhaa, na kwa wanawake wengi hujishikiza kati ya siku ya 8 na ya 10 tangu lilipopevuka. Kuanzia hapo homoni huongezeka karibu maradufu kila baada ya siku mbili au tatu. Vijiti vingi vya kawaida vimetengenezwa kuitambua ikifika kiwango cha 25 kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Chukua mwanamke ambaye leo ana 5. Kijiti hakioni kitu. Keshokutwa ana 10, bado hakioni. Siku ya nne ana 20, na pengine kitatokea kivuli cha mstari au kisitokee. Siku ya sita ana 40, na mstari unasomeka bila kukodoa macho. Ni mwanamke yuleyule, mimba ileile, kijiti kilekile. Kilichobadilika ni siku.

Ndiyo maana ushauri wa kungoja si wa kukutesa. Anayeingia mwezini kwa mpangilio apime kuanzia siku ya kwanza aliyotakiwa kuona hedhi na hakuiona, na akiweza kuvumilia wiki moja zaidi atapata jibu la kutegemewa kuliko hapo. Vipo vipimo vinavyojinadi kuona mimba siku kadhaa kabla ya hedhi, na ni kweli kwamba vingine vina uwezo wa kunasa homoni kidogo zaidi. Mimi sivipendekezi kwa mtu asiye na sababu ya kitabibu. Mimba nyingi hutunga na kutoka zenyewe ndani ya siku chache, kabla mwanamke hajajua kitu, na hedhi yake huja imechelewa kidogo tu. Anayepima mapema mno huona mistari miwili Jumatatu na damu Ijumaa, akaomboleza kwa wiki nzima jambo ambalo mama yake na bibi yake walilipitia bila kulijua.

Kwa wengi, hata hivyo, neno "siku ya hedhi" halina maana iliyonyooka. Kuna mwenye mzunguko wa siku 35. Kwake yai hupevuka karibu siku ya 21, na akihesabu kama mwenye siku 28 atapima wiki nzima kabla ya wakati. Kuna anayetumia sindano ya uzazi wa mpango, ambaye huenda hajaona damu kwa miezi. Kuna anayenyonyesha na hedhi haijarudi, akiamini kwamba hawezi kushika mimba, ilhali yai hupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana, na kwa sababu hiyo wapo wanaobeba mimba nyingine bila kuona siku zao katikati. Na kuna aliyemeza P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ambayo inaweza kuvuruga tarehe za hedhi kwa siku kadhaa mbele au nyuma. Hawa wote wana kanuni moja rahisi: hesabu siku 21 tangu mara ya mwisho mlipokutana bila kinga, kisha pima. Kijiti kikisema hakuna siku hiyo, na hukukutana tena na mwanamume katikati, jibu hilo ni la kuaminika. Niongeze kwa waliotumia P2 kwamba kidonge hicho hakibadilishi majibu ya kipimo, na hakitoi mimba iliyokwisha kutunga. Kazi yake ni kuchelewesha yai lisipevuke.

Kununua

Kipimo nunua duka la dawa, famasi kubwa au duka la dawa muhimu lenye kibali, usinunue kwenye meza ya barabarani inayopigwa jua tangu asubuhi. Vipo vya namna tatu. Kijiti chembamba cha karatasi ndicho cha bei nafuu na ndicho wengi wetu tunakijua. Kipo cha kasha la plastiki lenye kitundu cha kudondoshea mkojo, kinachokuja na kidondoshi chake. Na kipo kirefu mithili ya kalamu ambacho unakojolea moja kwa moja. Vyote vitatu ndani vina karatasi ileile inayofyonza mkojo na kuupitisha kwenye mistari, kwa hiyo bei kubwa inalipia plastiki na urahisi wa kushika. Asiye na fedha ya kile kirefu hajapoteza kitu. Ninachomshauri ni kununua vijiti viwili vya bei ndogo badala ya kimoja cha bei kubwa, maana sababu ya kupima mara ya pili hutokea mara nyingi.

Kabla hujalipa, geuza pakiti usome tarehe ya mwisho wa matumizi. Kisha ibonyeze kwa vidole. Pakiti nzima huwa na hewa kidogo na haina mchubuko. Iliyotoboka imeshaingiza unyevu, na unyevu wa Tanga au Mombasa unatosha kuiharibu ile karatasi. Vipimo hivi huandikwa vihifadhiwe kati ya nyuzi joto 2 na 30. Dar es Salaam mwezi wa Februari joto la mchana hupita hapo, na ndani ya gari lililofungwa vioo hupita mbali sana. Usikiache kwenye mkoba unaoshinda juani, wala usikibandike juu ya friji mahali panapochemka. Kabati la nguo, chumba chenye kivuli, panatosha. Pakiti ifunguliwe dakika ile ile unayokwenda kupima. Ndani utakuta kifuko kidogo chenye chembe za kukausha unyevu. Hakina kazi kwenye kupima, kitupe mbali na watoto.

Kupima

Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio mzuri, kwa sababu umekaa kwenye kibofu usiku kucha na homoni imejikusanya. Sharti hili lina uzito katika siku za mwanzo. Ukishapitisha wiki moja au mbili tangu hedhi ichelewe, mkojo wa saa yoyote utafaa. Kosa ninalolisikia sana ni la mtu ambaye mkojo haumjii kwa wasiwasi, akanywa chupa mbili za maji ili aharakishe. Mkojo unatoka mweupe kama maji yenyewe, homoni imechujuka, na kijiti kinakosa cha kukamata. Kama haujaja, ngoja. Kama umeamka usiku wa manane kwenda haja, mkojo uliokaa angalau saa nne kibofuni unafaa.

Tafuta kikombe au kichupa kisafi na kikavu. Ukavu ni jambo la kushikilia, kwa kuwa kikombe kilichosuuzwa kwa sabuni na kubaki na povu, au kilichokuwa na dawa ya kusafishia choo, kinaweza kuharibu majibu. Usichovye kijiti kwenye sinki la choo ambako mkojo umechanganyika na maji.

Saa iwe karibu, simu inatosha, na karatasi ya maelezo uwe umeisoma kabla ya kukojoa. Naisisitiza karatasi hiyo kwa sababu dakika za kila kipimo hutofautiana, na kile ulichotumia mwaka jana si lazima kifanane na hiki. Kwa kawaida kijiti cha karatasi kina mishale inayoelekea chini na mstari ulioandikwa MAX. Kishike upande wa juu, kichovye wima mishale ikitazama mkojo, na mkojo usipande kupita alama ya MAX. Kikizama kupita hapo, mkojo unafurika kwenye sehemu ya kusomea na unaosha rangi. Kiache humo kwa sekunde zilizoandikwa, nyingi huwa kati ya 5 na 15, kisha kitoe na ukilaze juu ya kitu kikavu, kisichoinama. Cha kasha, weka kasha mezani kwanza, kisha dondosha idadi ya matone iliyoelezwa, mara nyingi matatu, kwenye kitundu chenye herufi S. Kile kirefu, acha mkojo wa mwanzo upite, kisha kiweke kwenye mkondo kwa sekunde zake, ukifunike kifuniko na kukilaza.

Halafu usikiguse. Usikitikise, usikisimamishe, usikipeleke dirishani kila baada ya nusu dakika. Utaona wekundu ukipanda kwenye karatasi kama wingu na kupita. Huo ni wino unaosafiri, bado si jibu. Majibu husomwa kuanzia dakika ya 3 au ya 5, kadiri maelezo yanavyosema, na yasisomwe tena baada ya dakika ya 10. Anayejijua moyo wake mwepesi na aweke kengele ya simu, akakae chumba kingine.

Dakika tano zinaonekana ndefu kwa anayesubiri, lakini mama zetu hawakuwa nazo kabisa. Karibu mwaka 1930 Lancelot Hogben, mwanasayansi Mwingereza aliyekuwa akifundisha Cape Town, alitambua kwamba chura wa Afrika Kusini aitwaye Xenopus hutaga mayai akidungwa homoni za aina hii. Kwa miongo kadhaa baadaye hospitali za Ulaya na Marekani zilidunga vyura mkojo wa wanawake na kungoja mayai yatokee. Jibu lilikwenda kwa daktari, na mwanamke aliambiwa pale daktari alipoona inafaa. Mwaka 1967 Margaret Crane, msanifu michoro aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya dawa ya Organon huko New Jersey, aliona safu ya vichupa vya kupimia mimba maabara na kujiuliza kwa nini mwanamke asifanye kazi hiyo mwenyewe nyumbani. Wakubwa wake walisita. Kipimo cha nyumbani kilianza kuuzwa Kanada mwaka 1971, na Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, kikihitaji saa mbili za kusubiri na meza isiyotikisika. Kijiti cha kuchovya mara moja kilikuja mwaka 1988. Karatasi yake inafanya kazi kwa namna ileile ya kipimo cha haraka cha malaria ambacho mhudumu wa zahanati hukidondoshea damu ya kidole, kwa hiyo aliyewahi kusoma kimoja hatapotea kwenye kingine.

Kusoma

Herufi ziko mbili. C ni mstari wa uhakiki, unaoonyesha kwamba karatasi imefanya kazi. T ni mstari wa majibu. C peke yake: homoni haikuonekana. C na T pamoja: ipo. C isipotokea, hata kama T imewaka, kipimo hicho kimeharibika na hakina jibu la aina yoyote, chukua kingine. Mpaka hapa ni rahisi, na kama mambo yangeishia hapa nisingeandika makala ndefu.

Ugumu uko kwenye mstari hafifu. Dada anapiga picha, anamtumia rafiki, rafiki anamtumia shangazi, na kila mmoja anaona chake. Sheria ni hii: mstari wa T wenye rangi, hata iliyofifia sana, uliotokea ndani ya dakika zilizoandikwa, ni mstari. Homoni ipo. Ufifiaji maana yake mara nyingi ni kwamba siku bado chache au mkojo ulikuwa mwepesi. Usipige ramli kutokana na ukolezaji wake. Mstari uliokolea haumaanishi mapacha, na uliofifia haumaanishi mtoto dhaifu. Ngoja siku mbili, pima tena kwa kijiti cha aina ileile na mkojo wa asubuhi. Kama mimba inakua, mstari utakuwa umekolea. Kama umefifia zaidi au umetoweka, huenda mimba ilitunga ikatoka, na hapo mwone mhudumu wa afya, hasa ikiwa kuna maumivu.

Kile kivuli kinachotokea baada ya saa nzima ni kitu kingine. Mkojo ukikauka huacha alama ya kijivu, isiyo na rangi ya wino, pale mstari ulipokaa. Haina maana yoyote. Ndiyo sababu kijiti kikishasomwa kinatupwa, na hakifukuliwi kwenye ndoo jioni.

Je, kijiti kinaweza kusema ndiyo wakati mimba haipo? Ni nadra, na sababu zake zinajulikana. Aliyejifungua au ambaye mimba yake imetoka karibuni anaweza kubaki na homoni kwa wiki kadhaa, hivyo mistari miwili kwake si lazima iwe mimba mpya. Aliyedungwa sindano yenye homoni hii katika matibabu ya kutafuta mtoto naye aulize kliniki yake siku ya kupima. Mimba ya zabibu, ambayo kondo hukua vibaya bila mtoto wa kawaida, hutoa homoni nyingi mno, na baadhi ya uvimbe pia huweza kuitoa. Haya yote yanahitaji hospitali. Lakini vidonge vya uzazi wa mpango, kipandikizi, dawa za malaria, antibiotiki na dawa za ARV haviwashi mstari wa T. Anayekuambia "ni zile dawa ulizomeza" anakupa matumaini au hofu isiyo na msingi.

Upande wa pili, kijiti kusema hakuna wakati mimba ipo, ndio unaotokea zaidi, na karibu kila mara sababu ni kupima mapema. Ikiwa hedhi bado haijaja, rudia baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Ukipata hakuna mara ya pili na hedhi haionekani, acha kununua vijiti, nenda kituo cha afya. Huko watapima homoni kwenye damu, ambayo huonekana mapema zaidi kuliko kwenye mkojo, au watakufanyia kipimo cha picha. Hedhi hukatika kwa mambo mengi yasiyo mimba: kupungua au kuongezeka uzito ghafla, msongo wa mawazo, matatizo ya tezi ya shingo, homoni za ovari kuvurugika, umri kukaribia ukomo wa hedhi. Iliyokatika miezi mitatu bila mimba inahitaji daktari.

Kuhusu chumvi, sukari, dawa ya meno na Jiki, ambavyo hupitishwa kwenye simu kila mwezi kama mbinu za kupima bila gharama: mkojo wowote una tindikali na chumvichumvi zinazoweza kutoa povu au mabonge ukichanganywa na vitu hivyo, uwe ni wa mjamzito, wa bikira au wa mzee wa kiume. Hakuna hata kimoja kinachotambua hCG. Jiki na mkojo, tena, hutoa gesi inayowasha macho na kifua, na mwanamke anayehisi ana mimba ndiye wa mwisho anayepaswa kuivuta.

Kijiti ni cha nani

Kijiti ni cha aliyekojoa. Nasema hivi kwa sababu wapo wazazi wanaomlazimisha binti kupima mbele yao, waume wanaodai picha, na shule ambazo zimewahi kuwapanga wasichana mstari na kuwapima. Binti aliyepimwa kwa kushurutishwa hujifunza kuficha, na anayeficha hufika kliniki mwezi wa sita. Mzazi unayeshuku, mpe kijiti, mweleze namna ya kukitumia, kaa sebuleni, na mwambie mapema kwamba jibu lolote litakalotoka hatafukuzwa nyumbani. Na kama ni mwanafunzi, ajue pia kwamba Novemba 2021 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwa msichana aliyeacha shule kwa ujauzito anaweza kurudi kusoma baada ya kujifungua. Habari hiyo haijafika kila kijiji, na wapo mabinti wanaofanya maamuzi ya hatari kwa kudhani maisha yameishia kwenye mistari miwili.

Aliyepata jibu ambalo hakulitaka, nakuomba ulale nalo usiku mmoja kabla ya kufanya chochote. Kisha zungumza na muuguzi au mkunga aliyesomea. Mizizi ya kunywa, vidonge vya kuuziwa kichochoroni na vitu vya kuingizwa ukeni vimeua wanawake wengi katika nchi zetu na kuwaachia wengine ugumba. Na ikiwa tayari kimetumika kitu na damu inatoka, nenda hospitali na useme ulichotumia. Daktari anahitaji kujua ili akuokoe.

Baada ya mistari miwili

Kuna jambo moja ambalo kijiti hakiwezi kukuonyesha: mahali mimba ilipo. Mimba iliyotunga nje ya kizazi, mara nyingi kwenye mrija, hutoa homoni na kuwasha mistari miwili sawasawa na nyingine. Mrija si mahali pa kukuza mtoto. Unaweza kupasuka, na damu ikamwagikia tumboni bila kuonekana. Maumivu makali ya tumbo la chini, hasa upande mmoja, damu ukeni, kizunguzungu au kuzimia, na maumivu ya ncha ya bega yasiyo na sababu, yakitokea kwa mwanamke aliyepima na kuona mistari miwili, au aliyekosa siku zake hata kama hajapima, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo. Usingoje asubuhi. Usimeze dawa ya maumivu ukalala. Ukifika mapokezi, sema neno "nina mimba" kwanza kabla ya kueleza maumivu, maana neno hilo linabadilisha wanavyokushughulikia.

Kwa walio wengi, ambao hawana dalili hizo, kazi inayofuata ni kutafuta tarehe. Umri wa mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na si tangu siku mliyokutana. Mwanamke anayepima siku hedhi ilipotakiwa kuja anahesabiwa kuwa na wiki 4 tayari, jambo linalozua ugomvi usio wa lazima kwa wanaume wasioijua hesabu hii. Ili kukadiria siku ya kujifungua, ongeza siku 7 kwenye tarehe hiyo na urudi nyuma miezi mitatu. Hedhi iliyoanza tarehe 5 Juni inaelekeza kwenye 12 Machi ya mwaka unaofuata. Ni makadirio, watoto wachache huzaliwa siku hiyohiyo, lakini mkunga atakuuliza tarehe hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Kuanzia siku hiyo kila anayekupa dawa ajue. Muuza duka la dawa, fundi wa eksirei, daktari wa meno. Ukipata homa, pima malaria kwanza na useme una mimba changa, ili upewe dawa inayofaa umri wa mimba hiyo. Kama unatumia dawa za kudumu, za presha, kifafa, kisukari au ARV, usiziache kwa kujiamulia. Nenda zibadilishwe au zithibitishwe. Pombe acha. Vidonge vya foliki asidi anza mapema, kwa kuwa uti wa mgongo wa mtoto hujifunga katika wiki za mwanzo kabisa, wakati wengi bado wanabishana na mstari hafifu.

Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linapendekeza mjamzito aonane na wahudumu angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Katika hudhurio hilo la kwanza hupimwa wingi wa damu, kundi la damu, shinikizo la damu, VVU na kaswende. Na yale yanayogunduliwa mapema yanaweza kutibiwa au kudhibitiwa kabla hayajamfikia mtoto. Wengi wetu bado tunangoja tumbo lionekane ndipo twende. Usingoje. Nenda wiki hii, na mwenzako akiweza aje naye, mkiwa na tarehe ya hedhi ya mwisho iliyoandikwa kwenye karatasi.